Chungwa Amehamia Kwenye Maji Mapana

Geita mjini,
Jumapili mchana.

Mama yangu,

Mwangaluka mayu, na shikamoo juu yake, maana najua salamu moja haikutoshi. Goti linasemaje? Pili aliniambia mafuta niliyotuma yamesaidia kidogo, lakini dada yangu huyo kwake kila kitu kimesaidia ili mimi nisihangaike, kwa hiyo nangoja nisikie kutoka kwako mwenyewe. Na yule ndama aliyezaliwa na mguu uliopinda, sasa anasimama? Sisi huku wazima. Deusi mzima, Leticia mzima, na mimi mzima na nimenenepa mpaka nimeachia pindo la gauni la kanisani.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu mtandao wa huko kwetu hukatika katikati ya neno, na habari hii sitaki ikatike. Mwambie Pili akusomee polepole asiruke kitu.

Unakumbuka siku mliponiaga, uliponivuta nyuma ya nyumba ukaniambia, "Kabula, mume umempata. Mtoto itabidi umtafute." Mama, nimemtafuta. Acha nikueleze ilivyokuwa, hata yale niliyokuficha.

Deusi, kama ujuavyo, kazi yake iko Nyarugusu, kwenye karasha linalosaga mawe ya dhahabu. Huondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Jumamosi, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Kwa hiyo siku nyingi nyumba hii ilikuwa mimi, cherehani yangu barazani, na Leticia, bintiye wa miaka kumi, aliyenijibu nilichouliza tu. Sisemi alikosa adabu. Aliniamkia, aliosha vyombo, alikunja sare zake vizuri kuliko mimi nilipokuwa na umri wake. Lakini nikishapakua chakula alibeba sahani yake akaenda kukaa mbele ya tangi la samaki, akanipa mgongo, na hapo alikula hadi akamaliza.

Sijawahi kukueleza habari za tangi hilo. Lilikuwa dogo, la kioo, maji yake hayazidi ndoo, limewekwa juu ya kabati la vyombo sebuleni. Marehemu mama yake alilinunua Mwanza pamoja na kisamaki kimoja cha rangi ya chungwa, wale wanaoitwa samaki wa dhahabu. Hawaliwi, wanafugwa watazamwe. Wakampa jina Chungwa. Mama yake alipougua akawa hatoki kitandani, tangi lilihamishiwa chumbani, na mama na mtoto wakawa wanashinda wanamtazama. Mama alipofariki, Leticia akabaki na Chungwa wake. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa tangi lile. Hata baba yake alikuwa akifuta vumbi pembeni tu.

Sasa kuna bibi yake, mama wa marehemu, anayeishi Ushirombo. Ni mkulima wa mpunga na mahindi, mwanamke wa jumuiya ya kanisa, mnyoofu wa maneno. Kwenye misa ya kumkumbuka binti yake alimwambia Deusi mimi nikiwa nimesimama hapo hapo: "Mimi sina ugomvi na mkeo. Nikishavuna nitakuja kumwona mjukuu wangu. Nikikuta anasinyaa, naondoka naye."

Deusi akajibu, "Sawa, mama." Tukapanda gari kurudi nyumbani. Na mimi nilimwelewa yule bibi. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Lakini nilimtazama Leticia amelalia dirisha la gari, nikaona kwamba akichukuliwa, atachukuliwa kabla hata sijajua anapenda kula nini.

Basi, mvua zilipokuwa zinaisha, Chungwa akaanza kuumwa. Alikuwa ameshakua, mrefu kama kiganja changu, na kila akitaka kugeuka mkia unagusa kioo. Maji yalikuwa yanachafuka upesi yakawa kama chai ya rangi. Siku moja nimekaa nashona nikasikia kilio cha ndani kwa ndani. Nikaingia. Chungwa alikuwa juu kabisa ya maji, mdomo nje, anahema. Leticia amekumbatia tangi kwa mikono yote miwili.

"Anakufa," aliniambia. "Anakufa na yeye."

Nikapiga magoti karibu naye. Mimi samaki ninaowajua ni sato na dagaa, na wote nimewajua wakiwa kwenye sufuria. Lakini nimekulia zizini kwetu, najua mnyama aliyebanwa anavyohema. Nikamwambia, "Leticia, mimi naona hana ugonjwa. Naona nyumba imemshinda. Amekuwa mkubwa, nyumba ni ile ile."

"Mama ndiye alinunua nyumba hii."

"Alimnunulia akiwa mdogo. Hata viatu alivyokununulia mama ukiwa mdogo, leo vingekuumiza."

Akauliza, "Anti, tukimhamisha akafa?"

Sikumdanganya, mama. Nilimwambia sijui. Nikamwambia hatutamhamisha hadi tumejifunza, na siku ya kumhamisha atamshika yeye, si mimi.

Siku hiyo hiyo tulitoa nusu ya maji machafu tukaongeza masafi yaliyokaa kwenye pipa, Chungwa akapata nafuu. Halafu Jumamosi, Deusi aliporudi, tukampigia simu kaka mmoja wa Mwanza anayeuza samaki wa mapambo, yule aliyemuuzia marehemu Chungwa, maana namba yake ilikuwa bado kwenye simu ya Deusi. Tulimtumia picha. Akacheka, akasema, "Huyo mmemfuga kwenye kikombe. Samaki wa aina hiyo anakuwa mkubwa na anachafua maji kuliko bata. Mtafutieni tangi refu, pana, ili hewa iingie. Na msimchanganye na samaki yeyote mpaka mniulize."

Kutafuta tangi ndiyo ikawa kazi. Geita hapa ukitaka mashine ya kuchimba, unapata leo. Ukitaka nyumba ya samaki, watu wanakutazama usoni kuona kama una homa. Nilimwendea fundi wa madirisha ya aluminiamu. Akaniambia yeye kazi yake ni kuzuia mvua isiingie ndani, hajawahi kuombwa azuie maji yasitoke nje. Lakini ni mtu anayependa kujaribiwa. Akakata vioo vinene, akaviunga kwa silikoni, akalileta kwa mkokoteni likiwa limefunikwa shuka kama bibi harusi. Urefu wake ni kama kitanda cha mtoto. Tukalijaza maji uani kwanza, kwa bahati, kwa sababu kabla ya jioni kona moja ilikuwa inalia machozi. Fundi akarudi, akakwangua, akaunga upya, akaniomba nisimwambie mtu. Sijamwambia mtu ila wewe. Tuliliacha mpaka ile harufu kama ya siki ikaisha kabisa, tukajaza tena, na safari hii hata tone halikutoka.

Deusi naye alitaka awe na mkono wake kwenye kazi hii. Alichomelea meza ya chuma kutoka kwenye vyuma chakavu vya karasha, imara kiasi kwamba ukitaka unaweza kumpandisha ng'ombe. Halafu Jumamosi moja akaja na mfuko wa mchanga. Mchanga mzuri ajabu, mweupe, unametameta. "Wa kutandika chini," akasema, anatabasamu.

Nikamuuliza ameutoa wapi. Kwenye marudio, akasema, yaani mchanga unaobaki wakishaosha dhahabu.

"Deusi, si huo ndio mnaochanganya na zebaki?"

Tabasamu likaondoka. Aliutazama mfuko, akamtazama binti yake, akaubeba akaurudisha kwenye gari. Kisha akanawa mikono, akanawa tena. Mwishowe tulinunua kokoto ndogo za mtoni kwa wauza mchanga wa kujengea.

Kokoto hizo, mama, ndizo zilizonifungulia mlango. Zilitaka kuoshwa hadi maji yatoke meupe, na maji hayataki kutoka meupe. Mimi na Leticia tulikaa uani na mabeseni, tunaosha, tunamwaga, tunaosha. Mikono ikiwa na kazi mdomo nao husahau kujizuia. Akaanza kuniambia habari za mama yake. Kwamba alikuwa akiimba kanisani kwa sauti kubwa na alikuwa hajui kuimba. Kwamba alikuwa anaogopa kuku. Kwamba siku za mwisho alikuwa anasema akimtazama Chungwa maumivu yanakaa mbali kidogo. Nilisikiliza tu. Nilipomuuliza kama kwaya ilikuwa inavumilia sauti ile, alicheka, na ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka nikiwepo. Siku ile alikula barazani karibu na cherehani.

Maji ya bomba tuliyaacha kwenye mapipa, dawa ya kusafishia ipungue. Yule kaka wa Mwanza alituagiza tuchukue sponji ya chujio la maji la tangi la zamani, yenye utelezi wake, tuiweke kwenye tangi jipya bila kuiosha, ili vile vijidudu vinavyosafisha maji vihamie nayo. Mimi niliyefundishwa na wewe kusugua kila kitu, nilijikaza nikaacha uchafu ule. Tukawasha pampu ya hewa, tukangoja maji yakomae. Leticia alikuwa akitoka shule anakwenda kunusa maji kabla hajavua viatu.

Deusi kungoja kulimshinda. Akaja na ndoo yenye vifaranga wa perege kutoka kwenye bwawa la rafiki yake, ili tangi lisikae tupu. "Samaki si samaki tu?" alisema. Leticia akaweka mkono kiunoni, hivi hivi kama Pili, akamwambia, "Baba, watazame kwanza." Tukachungulia. Mmoja alikuwa ameshamng'ata mwenzake mkia. "Hawa wakikua watamla Chungwa macho," mtoto akasema. Deusi akarudisha ndoo kwa mwenyewe. Nilimwona akienda anatikisa kichwa na kucheka, mtu aliyeamrishwa nyumbani kwake na akafurahi.

Jumapili moja baada ya misa tukamhamisha. Leticia mwenyewe alimkinga kwa mfuko wa plastiki uliojaa maji yake ya zamani, tukauacha mfuko uelee kwenye tangi jipya, tukawa tunaongeza maji mapya kidogo kidogo azoee. Kisha akamwachia.

Chungwa alishuka chini kama jiwe. Akalala ubavu juu ya kokoto.

Wakati huo huo, mama, umeme ukakatika. Pampu ikanyamaza. Nyumba yote ikawa kimya, unasikia tu jirani akitwanga kisamvu.

"Umemuua," Leticia akaniambia. Hakupiga kelele. Alisema tu, na uso wake ukawa ule wa siku ya kwanza nilipoingia nyumba hii.

Deusi alitaka kumgombeza, nikamzuia. Nikachukua kikombe kikubwa, nikapanda kwenye kigoda, nikachota maji ya tangi, nikayainua juu, nikayamimina. Nikachota tena. Kaka wa Mwanza alikuwa ametuambia kwamba pampu ikifa, maji yanayoanguka yanabeba hewa. Nilichota na kumimina. Bega likaanza kuwaka moto. Gauni la kanisani likalowa hadi kifuani. Deusi akasema anipokee, nikamwambia hapana. Sijui kwa nini nilikataa. Niliona kama nikishuka pale kwenye kigoda nitakuwa nimekubali.

Sijui nilichota kwa muda gani. Nilishtuka kuona kikombe kingine kinaingia majini upande wa pili. Leticia alikuwa amevuta kiti chake, amesimama juu yake, machozi yanatiririka, anachota na yeye. Nikimimina mimi, anachota yeye.

Kwanza likasogea pezi. Halafu Chungwa akajiinua akasimama sawa, akabaki hapo anapumua. Umeme uliporudi na mapovu yakaanza kupanda, akaondoka. Akaogelea kutoka ukuta hadi ukuta, akafika mwisho, akageuka, na mkia wake haukugusa kitu. Akarudi tena, kwa kasi, kama ndama aliyefunguliwa asubuhi. Leticia alishuka kwenye kiti akaniegemea tumboni, pale pale nilipolowa, na akakaa hivyo. Deusi alitoka nje akasema anakwenda kuangalia mita ya umeme. Mama, macho yake yalikuwa mekundu na hayakuwa na vumbi la Nyarugusu.

Baada ya hapo tulimtafutia wenzake. Tulipanda basi mimi na Leticia hadi Mwanza, tukamwona yule kaka uso kwa uso. Dukani kwake ungedhani umeingia kwenye duka la vitenge, rangi za kila namna. Kulikuwa na mmoja mwekundu mwenye mapezi marefu kama shela, nikampenda papo hapo. Leticia akauliza, "Huyu anaishi na wenzake?" Akaambiwa hapana, ni mgomvi, na anapenda maji ya uvuguvugu. Akampita. Kulikuwa na wale wa dhahabu wenye macho yaliyotokeza na mkia wa kuburuza. Akawatazama sana, kisha akasema, "Hawa ni wazuri, lakini wanakwenda polepole. Chungwa atawamalizia chakula, watakaa na njaa." Yule kaka akanitazama mimi, akainua nyusi. Mwishowe alichagua wawili wenye mwili mwembamba na mbio kama za Chungwa, mmoja mweupe mwenye doa jekundu kichwani, mwingine wa rangi ya shaba. Nilitaka kununua zaidi. Akanikataza, akasema tukiwajaza tutarudi kule kule. Tulipofika nyumbani aliwaweka kwanza kwenye lile tangi dogo la mama yake, awachunguze kama wana ugonjwa, ndipo akawaunganisha na mwenzao.

Sasa bibi akaja.

Alishuka kwenye basi na gunia la mchele na kuku wawili. Nilipiga magoti, "Shikamoo mama." "Marahaba." Aliingia ndani, macho yake yakazunguka nyumba nzima hadi yakafika sebuleni, yakasimama. Tangi limewaka jua la dirishani, samaki watatu wanapishana ndani yake.

"Hawa mnawala lini?" akauliza.

Leticia akacheka hadi akakaa chini. Akamvuta bibi yake mkono, akamwonyesha Chungwa. Yule bibi alimfahamu. Alikuwa amemwona kwenye chumba cha mgonjwa, akiwa mdogo. Akaegemeza paji la uso kwenye kioo, mtandio ukamwanguka mabegani, na tukamwacha mpaka alipojifuta machozi.

Alikaa nasi karibu wiki nzima. Alinitazama nikipika, nikifua, nikimsomesha mtoto hesabu nisizozijua. Hakunisifu wala hakunikosoa. Siku ya mwisho, tumemaliza kula, Deusi yupo, akasema, "Leticia, mjukuu wangu, nilisema nitakuja kukuangalia. Kule kwangu kuna nafasi, na kuna shamba, na kitanda cha mama yako kipo. Nataka useme mwenyewe mbele yetu. Tunaondoka wote?"

Mimi nilikuwa na bakuli la kunawia mkononi. Niliogopa kuliweka chini lisije likatoa sauti.

Leticia hakutazama samaki, mama. Nilidhani atawatazama. Alimtazama bibi yake. Akasema, "Bibi, siku Chungwa alipolala chini nilimwambia anti amemuua. Hakunijibu. Alikuwa anachota maji tu. Mkono ulimuuma mpaka akashindwa kushona, na hakunisema." Akafikiri kidogo. "Kwako nitakuja likizo. Lakini kwetu ni hapa."

Bibi akanyoosha mikono, akaniambia, "Lete hilo bakuli, binti yangu, uninawishe." Nikamnawisha, na alipomaliza hakuitoa mikono yake kwangu. Asubuhi alipopanda basi la Ushirombo aliniambia kwamba yule mweupe mwenye doa ana tumbo kubwa, nimwangalie, huenda ana mayai. Sote tuliokuwa tukichungulia tangi kila siku hatukuwa tumeona. Ni kweli, alikuwa nayo.

Ndiyo habari yangu, mama. Siku hizi watu wanapita barazani wakijifanya wanataka kupimwa nguo, kumbe wanataka kuchungulia sebuleni. Mwenye nyumba ya wageni ya mtaa wa pili ameomba tumsimamie kutengeneza tangi kama hili mapokezi kwake, na fundi wa aluminiamu anatembea kifua mbele, anajiita mtaalamu. Mimi namwacha. Nyumba hii imejaa, mama. Usiku nikizima taa nasikia maji yanavyochemka taratibu, na chumba cha pili mtoto anakoroma, na nalala.

Nisalimie dada Pili, mwambie asifupishe salamu hizi. Msalimie shemeji, mumewe, na watoto wao wote kwa majina. Msalimie shangazi anayeuza maziwa Kambarage, mwambie khanga zake nimeshazipinda. Msalimie mjomba mchunga ng'ombe, na jirani yetu mkunga aliyenipokea duniani. Baba mwekee ua kaburini kwa niaba yangu, umwambie Kabula hajambo.

Mungu akulinde wewe na goti lako, mpaka tutakapokaa tena jikoni kwako.

Ni mimi mwanao,
Kabula.

Nataka kukunja karatasi, Leticia ameninyang'anya kalamu. Anaandika mwenyewe hapa chini, na amenikataza nisisahihishe:

Bibi wa Shinyanga shikamoo. Mimi ni Leticia. Mayai yameangulika, watoto ni wadogo kama kope na wana macho tu. Tumewaweka kwenye tangi dogo kwa sababu wakubwa wanawala. Mama amesema tukifunga shule tutakuja kwako, na kwamba wewe una ndama mwenye mguu mbaya. Usimuuze. Nataka kumwona.